Gari limekufa, mkopo uko hai: namna ya kudai bima ukiwa Mtwara au Lindi

Gari likipinduka pale njiapanda ya Mingoyo na fundi akasema halitengenezeki, mkopo wake haufi pamoja nalo. Benki ilikukopesha fedha, na gari likawa dhamana ya fedha hizo. Kampuni ya bima nayo haikuahidi kumaliza deni lako. Iliahidi kulipa thamani ya gari. Kwa hiyo kuna hesabu mbili, zinapigwa na watu wawili wasiojuana, kwa tarehe zisizofanana, na hakuna anayezilinganisha isipokuwa mwenye gari. Wengi wanaojikuta na deni la gari wasilonalo wanafika hapo kwa sababu waliiachia benki na bima zimalizane zenyewe.

Kabla ya yote: mkopo wako ni wa namna gani?

Kuna mikopo miwili ambayo watu huichanganya. Wa kwanza ni mkopo wa gari wenyewe: benki au kampuni ya ukopeshaji inashika kadi halisi ya gari, mara nyingi jina lake linaingia kwenye kadi hiyo, na kwenye mkataba wa bima inaandikwa kwamba likitokea la kutokea, benki ndiyo inalipwa kwanza. Wa pili ni mkopo wa mshahara. Mwalimu wa Newala au muuguzi wa Nachingwea anakopa kwa dhamana ya mshahara, anakwenda Dar es Salaam kununua IST, na kadi anakaa nayo mwenyewe. Huyu wa pili fidia yake yote inaingia kwenye akaunti yake, benki haina mkono kwenye gari. Ila makato ya mshahara yataendelea kila mwezi kama kawaida, kwa hiyo fedha ile si ya kuchezea. Akiona inafaa, aende benki aombe kulipunguza deni, baada ya kuuliza kwanza kama kuna tozo ya kulipa mapema.

Yanayofuata yanamhusu zaidi mwenye mkopo wa aina ya kwanza.

Kitu cha pili cha kutazama ni bima yenyewe. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hailipi gari lako hata senti moja. Inalipa uliowaumiza au kuwaharibia. Bima kubwa ndiyo inayolipa gari lako. Mikataba ya mkopo wa gari karibu yote inadai bima kubwa kwa muda wote wa deni, lakini mwaka wa kwanza ukipita, korosho ikauzwa vibaya, mtu anakwenda kukata bima ndogo akijisemea atarudisha kubwa msimu ujao. Akipata ajali katikati hapo, gari limekwenda na deni lote liko palepale. Namba ya gari au ya stika inaweza kuhakikiwa kwa simu kwenye TIRA-MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na ni dakika mbili tu: unaona aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ikiwa stika yako haionekani humo, au inaonekana ni ya mtu wa tatu wakati wakala alikutoza fedha ya bima kubwa, hilo ni tatizo la kulimaliza leo na si siku ya ajali.

Halafu kuna bima ya mkopo, ambayo benki hukata juu ya mkopo wenyewe. Hiyo inalipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Gari likifa na wewe ukiwa mzima, bima hiyo haihusiki. Watu husema "mbona nilikatwa bima benki" wakimaanisha hii, na wanashangaa. Katika nchi kama Marekani kuna bima ya pengo, inayolipa tofauti kati ya thamani ya gari na salio la mkopo. Huku usiihesabu kuwa unayo mpaka uione kwa maandishi kwenye mkataba wako.

Siku ya ajali

Walioumia kwanza, hospitali itahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Baada ya hapo gari lisiguswe mpaka trafiki wapime na kuchora. Gari likishavutwa kabla ya mchoro, nani alikuwa upande gani inabaki maneno matupu, na mthamini wa bima atauliza.

Taarifa ya polisi inatoka kituo cha eneo ilikotokea ajali, si cha kwenu. Ukipata ajali Somanga, jalada liko wilaya ya Kilwa. Ukifika Daraja la Mkapa na Ikwiriri, tayari uko mkoa wa Pwani. Kosa la kawaida ni mtu kupanda basi kurudi Mtwara bila kuchukua namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi, na jina la kituo, kisha anatumia wiki tatu kufuatilia karatasi moja. Ondoka na namba hiyo mkononi. Utahitaji vitu viwili kutoka polisi: taarifa ya ajali yenyewe, na ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi inayosema gari lilikuwa na hali gani. Kama breki zilikuwa mbovu kabla ya ajali, ripoti hiyo ndiyo itakayosema, na ndipo dai linapoweza kufia.

Piga picha ukiwa palepale: pande zote nne, namba ya chesisi, dashibodi ikionyesha kilomita, matairi, betri, redio, tairi la akiba. Picha hizi zina kazi mbili. Zinasaidia kwenye bei ya gari, na zinathibitisha vilivyokuwemo kabla gari halijalala uani siku nyingi. Gari lililolala nje ya kituo hunyofolewa, na spea zikipungua, thamani ya mabaki inapungua pia.

Toa taarifa kwa bima ndani ya saa 24, hata kama mkataba unakupa siku zaidi. Piga simu, halafu andika ujumbe au barua pepe ili tarehe ibaki. Siku hiyohiyo iandikie na benki. Mikataba mingi ya mkopo inakutaka uwaambie dhamana ikiharibika, na usipowaambia wanakuwa na hoja dhidi yako wakati ambao unawahitaji zaidi.

Neno kuhusu mafuriko, maana kusini tumeyaona. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na gari likiingia majini, mwenye haraka huliwasha tena na tena. Usiwashe. Maji yakishaingia kwenye silinda, injini ikizungushwa inapinda konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, na kupasua bloku, na mthamini atasema uharibifu huo umeufanya wewe baada ya tukio. Toa waya wa betri, vuta gari, subiri. Pia tazama kama mkataba wako unataja mafuriko na majanga ya asili. Baadhi wanayaweka kwenye kifungu cha kulipiwa zaidi.

Lini gari linahesabiwa kuwa limekufa

Si lazima liwe limebanwa kama chapati. Mthamini anajumlisha spea, ufundi, rangi na usafirishaji, kisha analinganisha na thamani ya gari kabla ya ajali. Matengenezo yakipita asilimia fulani ya thamani hiyo, kampuni inaona ni nafuu kulilipa gari zima. Asilimia hiyo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo uliza yenu ni ngapi, na uliza kwa maandishi.

Hapa mazingira ya kusini yana uzito wake. Spea ya bodi ya gari isiyo ya kawaida haipatikani Mtwara mjini wala Masasi; inaagizwa Kariakoo, na safari ni zaidi ya kilomita 500. Gari lenye mifuko ya hewa iliyofumuka, chesisi iliyopinda au lililozama hadi dashibodi huvuka mstari haraka sana. Kwa upande mwingine, jihadhari na makadirio ya gereji yaliyopunguzwa makusudi ili gari litengenezwe. Gari lililopinda chesisi likanyooshwa kwa mnyororo na mti wa mwembe halitarudi kuwa lile, na bado unalilipia mkopo miaka miwili. Una haki ya kuomba makadirio ya gereji ya pili yaliyoandikwa kitu kwa kitu na kuyapeleka kwa mthamini.

Ugomvi wenyewe uko kwenye thamani

Bima kubwa ya kawaida inalipa kile kilicho kidogo kati ya viwili: thamani uliyoandikisha, au bei ya soko ya gari muda mfupi kabla ya ajali. Ukiandikisha milioni 30 gari la milioni 19, utalipia ada ya milioni 30 na kulipwa kwa milioni 19. Ukiandikisha chini, unalipwa ulichoandikisha.

Chukua mfano wa gari ambalo bei yake ya soko ni shilingi 19,000,000. Mwenye gari kaandikisha thamani hiyohiyo. Mkataba una eksesi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ya asilimia 5, ambayo hapa ni 950,000. Malipo yanakuwa 18,050,000. Salio la mkopo ni 13,400,000. Benki inachukua zake, na mwenye gari anabakiwa na 4,650,000.

Sasa tuseme mwenye gari huyohuyo alipohuisha bima aliomba thamani iandikwe 15,000,000 ili ada ipungue. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, kilichozoeleka kwa magari binafsi, alipunguza ada kwa 140,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 amebakiwa na 165,200 mfukoni. Ajali inatokea. Analipwa 15,000,000 toa eksesi 750,000, yaani 14,250,000. Amepoteza 3,800,000 kwa kuokoa 165,200. Na kama alikuwa na malimbikizo na salio lake limefika 16,900,000, benki itachukua yote kisha itamdai 2,650,000 zaidi. Hata ajali ndogo ingemuuma: kampuni nyingi hulipa kwa uwiano ukiandikisha chini, kwa hiyo matengenezo ya 5,000,000 yanazidishwa kwa 15 kugawanya kwa 19, na analipwa karibu 3,950,000 kabla ya eksesi.

Mtego wa pili ni wa benki inapohuisha bima kwa niaba yako. Wapo wanaorudia thamani ya mwaka wa kwanza, wapo wanaoandika salio la mkopo badala ya thamani ya gari. Hilo la pili linailinda benki tu. Kila mwaka omba nakala ya mkataba na kava noti, ile hati ya kuthibitisha bima, soma mstari wa thamani, na ukiona umekosewa andika barua ya kurekebisha kabla ya tatizo.

Mthamini akikuletea bei usiyoikubali, usibishane kwa mdomo. Mwandikie ukiomba njia aliyoitumia: aliangalia magari gani, ya mwaka gani, yenye kilomita ngapi. Kisha peleka yako. Kusanya matangazo matano au sita ya gari la aina ileile, injini ileile, mwaka uleule, yakiwa na tarehe. Ongeza hesabu ya kuliagiza upya: bei ya kununulia nje, meli, na kodi zinazoonekana kwenye mfumo wa TRA wa kukadiria magari yaliyotumika. Hesabu hii ina nguvu kwa magari ya zamani, kwa sababu gari likivuka miaka kadhaa linatozwa ushuru wa ziada linapoingia, jambo linalopandisha bei ya magari ambayo tayari yako nchini. Na bei ya yadi za Dar es Salaam si bei ya gari likiwa Mtwara. Kuna mafuta na dereva wa kulileta. Ambatisha risiti za matengenezo makubwa ya karibuni, mfano injini au gia boksi iliyobadilishwa. Usitegemee kulipwa redio na rimu za mapambo kama hukuziandikisha.

Siku za kungoja si za bure

Mkopo unaendelea kuzaa riba. Salio la 13,400,000 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio ni kama 6,240 kwa siku. Siku 45 ni karibu 281,000. Taratibu za TIRA zinaipa kampuni siku 45 kulipa dai tangu nyaraka zikamilike, na neno la kushika hapo ni "zikamilike". Saa haianzi kuhesabu mpaka karatasi ya mwisho ifike. Kwa hiyo peleka faili moja zima, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na kama kuna upungufu waombe wautaje wote kwa barua moja. Maamuzi ya madai makubwa hufanyika Dar es Salaam. Ofisi ya Mtwara au wakala wa Lindi ni mpokeaji tu mara nyingi, na bahasha ikilala mezani kwake hakuna anayejua.

Faili la kawaida lina fomu ya madai iliyosainiwa, leseni ya dereva aliyekuwa anaendesha, kitambulisho cha mmiliki, nakala ya kadi ya gari, kava noti, taarifa za polisi mbili tulizozitaja, picha, makadirio ya gereji, na barua ya benki yenye salio. Funguo zote mbili huombwa hasara kamili inapokubaliwa. Ufunguo wa pili ukiwa umepotea, sema mapema na uandike maelezo, hasa kwa gari lililoibwa, ambako ufunguo usioonekana huzua maswali mabaya.

Endelea kulipa marejesho. Ndiyo, inakera kulipia gari lililoko uani bila mbele, lakini malimbikizo yanakula fidia yako, yanaleta adhabu, na yanaingia kwenye taarifa za wakopaji zinazosomwa na benki zote. Ikiwa kipato chako kilitoka kwenye gari hilohilo, mathalani Noah ya abiria ya Mtwara kwenda Tandahimba, nenda benki na nakala ya dai lililopokelewa uombe kusitishiwa au kupunguziwa rejesho kwa miezi miwili. Ombi la maandishi kabla ya rejesho la kwanza kukosekana husikilizwa. Baada ya matatu kukosekana, unazungumza na idara ya makusanyo.

Ukifika karibu na malipo, omba benki barua ya salio la kumalizia mkopo. Iwe na mambo matatu: salio la siku hiyo, riba ya kila siku baada ya hapo, na tarehe barua inapokoma. Barua ya mwezi uliopita ndiyo inayovuruga. Kampuni inalipa kiasi cha barua ya zamani, wewe umelipa rejesho moja hapo katikati, benki imepokea zaidi, na ziada inalala kwenye akaunti ya mkopo mpaka uifuate. Au kinyume chake: riba imeongezeka, benki imepokea pungufu ya elfu sabini, mkopo haufungwi na kadi haitoki. Katika barua hiyohiyo omba wafute tozo ya kulipa mapema, kwa hoja kwamba hukuamua wewe kulipa mapema. Uliza pia kama ada ya bima ya mkopo iliyobaki bila kutumika inarudishwa. Baadhi ya mikataba inarudisha sehemu.

Mabaki: uchukue au uwaachie?

Kampuni ikilipa gari zima, mabaki ni yake. Inaweza kukupa nafasi ya kuyabakiza kwa kukata bei yake kwenye malipo. Turudi kwenye mfano wetu: mabaki yamethaminiwa 4,000,000, malipo yanashuka kutoka 18,050,000 hadi 14,050,000. Benki inachukua 13,400,000, wewe unapata 650,000 na gari bovu. Ina maana umelinunua kwa milioni nne. Ukilinunua hapa kusini kwa kutegemea kuuza spea, kumbuka wanunuzi wa magari mabovu Mtwara na Lindi ni wachache, na kulipeleka Dar es Salaam kwa brekidauni kunaweza kumeza faida yote. Injini na gia boksi zikiwa nzima za gari linalotumika sana huku, kama Noah au Probox, inaweza kulipa. Gari la mafuriko liache. Umeme wake utakufuata mpaka mwisho.

Ikiwa baada ya kukata mabaki malipo hayafikii deni, benki ina kila sababu ya kukukatalia kuyabakiza, na mara nyingi huwa ni sahihi.

Kabla ya kusaini

Kampuni itakuletea hati ya kuridhia malipo, ambayo watu wa bima huiita dischaji vocha. Ukiisaini umesema kiasi hicho kinamaliza dai lako lote. Soma iwe na hesabu nzima: thamani, eksesi, mabaki, jumla, kiasi cha benki, kiasi chako, na namba mbili za akaunti. Usisaini iliyo na jumla tu. Kama unabishania sehemu, unaweza kuomba walipe isiyobishaniwa kwanza, ili riba ipungue. Wengine hukubali, wengine hukataa, kuomba hakugharimu. Hakikisha pia kwamba malipo ya benki yanataja namba ya mkopo, si jina lako pekee, maana majina yanafanana na fedha huweza kuingia kwenye akaunti ya akiba ya mtu mwingine.

Benki ikishalipwa, ina vitu viwili vya kukupa: barua ya kumaliza mkopo, na kuachia jina lake kwenye kadi ili umiliki uhamie kwa kampuni ya bima au kwa mnunuzi. Usiliache gari lililoharibika likiwa bado kwa jina lako kwenye kumbukumbu za TRA. Faini za barabarani na kesi za atakayelitengeneza na kuliendesha zitakutafuta wewe. Lipa faini zilizokuwepo kabla, maana hukwamisha uhamisho. Baada ya mwezi mmoja au miwili, omba taarifa yako ya mikopo uone kama deni limeandikwa kufungwa.

Fidia isipofika kwenye deni

Pengo likibaki, ni deni la kawaida lisilo na dhamana ya gari, na benki inaweza kumfuata mdhamini au dhamana nyingine uliyoweka. Nenda ukiwa na pendekezo: marejesho mapya ya muda fulani kwa pengo hilo peke yake, yakiwa na riba iliyoandikwa. Kwa mkulima, pendekeza malipo makubwa Novemba hadi Januari minada ya korosho inapolipa, na madogo miezi mingine. Kumbuka pengo hilo linalipwa juu ya nauli na usafiri mpya, kwa hiyo usikubali kiasi cha kumfurahisha afisa mikopo kwa siku moja.

Ikiwa aliyesababisha ajali ni mwingine, kuna mlango wa pili. Bima ya mtu wa tatu ya gari lake inaweza kulipa mali uliyoharibiwa, hadi kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba wake, na kampuni yake kwa kawaida husubiri taarifa ya polisi au hukumu ya kesi ya trafiki inayoonyesha mwenye kosa. Hapo unaweza kudai eksesi yako na kile bima yako isicholipa. Usidai kitu kilekile mara mbili. Kampuni yako ikishakulipa, haki ya kumfuata mkosaji kwa kiasi hicho imehamia kwao.

Yanayoua dai

Leseni isiyo ya daraja la gari lile. Gari binafsi lililokuwa limebeba abiria wa kulipa, jambo ambalo trafiki huliandika wazi kwenye taarifa. Pombe. Mzigo uliozidi, hasa magunia ya korosho kwenye pikapu. Ada iliyolipwa nusu: bima haianzi kabla ada haijalipwa, na ahadi ya wakala kwamba "tutamalizana" haina thamani. Kuvuka Daraja la Umoja kwenda Msumbiji bila kuangalia kama mkataba unataja nchi hiyo kwenye eneo la bima. Na kuendeshwa na mtu ambaye mkataba unamkataa, kama kijana asiyefikia umri ulioandikwa.

Kampuni ikikataa, idai barua inayotaja kifungu. Jibu kwa kifungu hichohicho. Usiporidhika, TIRA ina ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara, na zaidi ya hiyo kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, iliyopo Dar es Salaam. Malalamiko dhidi ya benki, mfano kukataa kutoa barua ya salio au kuzuia ziada yako, huanza kwa barua ndani ya benki yenyewe, kisha Benki Kuu, ambayo nayo ina tawi Mtwara.

Bodaboda na bajaji za mkataba

Hapa hesabu ni nyingine. Kijana anayelipa kila siku mpaka chombo kiwe chake hana jina kwenye kadi wala kwenye bima. Chombo kikifa, bima kubwa ikiwepo inamlipa mwenye kadi, na mkataba wa mkono ndio utakaosema kama alichokwisha kulipa kinarudi. Wengi hawana mkataba wenye mstari huo, na vyombo vingi vina bima ndogo tu. Kabla ya kuweka rejesho la kwanza, waandikishane mbele ya mtendaji wa mtaa au mwanasheria: nani analipia bima kubwa, fidia ikija inagawanywaje kulingana na kiasi kilichokwisha lipwa, na chombo kikifa bila bima kubwa deni linaisha au linaendelea. Mistari mitatu inatosha, kila mmoja abaki na nakala yenye saini.